Kosa haikuwa ya sekretere

Bandugu bachimbaji, na nyinyi bamama munaongojea malipo ku nyumba: tangu kilo za mwaka 2022 zipotee mu orodha ya koperative yetu hapa Kolwezi, kila mutu anasema sekretere njo alizifuta. Mimi nakataa.

Site yetu iko ku WordPress. Kijana moja mwenye kusoma informatike alitutengenezea amri yake, ya kuandika mu WP-CLI: wp kilo futa 2022 --jaribu. Ile 2022 ni argumenti, inasema mwaka gani. Ile --jaribu ni chaguo, inasema: nionyeshe tu vile utafuta, usifute bado. Siku ile sekretere aliandika --jaribio. Mu kinywa chetu ni karibu neno moja. Mashini haikulijua, ikaliacha pembeni pasipo kusema kitu, ikafuta kweli.

Pale njo kosa iko. WP-CLI inajua kukataa neno geni, lakini mwenye kuandika amri anapashwa kwanza kuipa liste mu maelezo yenye iko juu ya kodi: <mwaka>, ya lazima, [--jaribu], ya hiari. Pasipo ile liste, inapokea kila kitu. Kama liste ingekuwako, ingejibu kama haijue --jaribio, na kusimama. Ni mistari michache tu! Tena kuko WP_CLI::confirm, yenye kuuliza mutu kama anataka kweli. Haiulize tu kama ameandika --yes.

Mimi ningeenda mbali zaidi. Amri ya kufuta, ukiiandika pasipo chaguo, ionyeshe tu. Mwenye kutaka kufuta ndiye aongeze --kweli. Vile, mwenye kusahau ao kukosea neno hapoteze kitu.

Bengine banasema kijana alitumika bure, tusimulaumu. Ni kweli, hatukumulipa hata franka. Lakini mu shimo, mwenye kutega baruti anapiga filimbi hata kama hakuna mwenye kumulipa.

Benye kuchunga karatasi za mizani balilipwa. Bengine bangali ku mulango ya biro, banabishana. Na sekretere, mama wa batoto, iko ku nyumba pasipo kazi.

Komite inakutana siku ya posho. Naomba imurudishe ku kazi, na mutu asitumie tena ile amri mbele irekebishwe.