Msaidizi wa Mganga wa Mifugo
Katika malisho ya Masisi na vijiji vya msituni Walikale, mganga wa mifugo mwenye shahada yu mbali. Msaidizi wake yu karibu. Basi, tumruhusu kazi zipi?

Kuchanja, kunywesha dawa ya minyoo, kuua kupe, kuosha vidonda: hizo azifanye, akiisha kufundishwa. Sotoka, iliyotangazwa mwaka 2011 kuwa imekomeshwa duniani, ilishindwa pia kwa mikono ya wafugaji waliofundishwa kuchanja, kule Ethiopia na Sudani ya Kusini.

Lakini kupasua mnyama, au kutia dawa kali kwa ugonjwa asioujua, amwachie mganga. Na ng'ombe akifa ghafula, damu ikimtoka puani, asichunwe wala asiliwe: huenda ni kimeta, nacho huua hata watu. Hapo kazi ya msaidizi ni moja tu: kupeleka habari upesi.