Jua Jekundu na Swali la Bibi



Jumamosi nilirudi kutoka zamu ya usiku nikamkuta mwanangu wa miaka 13 sebuleni, miwani ya uhalisia pepe machoni, mikono hewani kama anayetafuta swichi gizani. Miwani tumeazimwa na mfanyakazi mwenzangu.

"Mama, niko TRAPPIST-1."

Nikaivaa. Nilijikuta juu ya miamba, jua jekundu mbele yangu, na sayari nyingine zikining'inia angani. Mfumo huo upo kweli. Februari 2017 NASA walitangaza kwamba nyota hiyo ndogo inazungukwa na sayari saba zenye ukubwa unaokaribia wa dunia. Iliyo karibu nayo zaidi huizunguka kwa siku moja na nusu tu. Huenda kila moja imeigeuzia nyota upande uleule daima: huku mchana usiokwisha, kule usiku usiokucha. Nikacheka, maana usiku usiokucha manesi tunaujua.

Lakini ile miamba ni ya kuchorwa. Hakuna darubini iliyowahi kuiona. Wanasayansi hupima jinsi mwanga wa nyota unavyofifia kidogo sayari inapopita mbele yake. Yaliyobaki hujazwa na wachoraji. Nilipomweleza, alinuna.

Na wazazi, msiwaache watoto humo muda mrefu. Macho yanasema unatembea, sikio la ndani linasema umekaa. Ndipo kichefuchefu huanza. Someni umri uliowekwa na mtengenezaji, na mtoto avae akiwa ameketi.

Akauliza ni mbali kiasi gani. Kama miaka 40 ya mwanga, nikamwambia. Mwanga unaotufikia leo uliondoka huko kabla sijazaliwa.

"Kwa hiyo wao wakitutazama leo, wanamwona bibi bado kijana?"

Nilinyamaza. Bibi yake yuko Tanga, safari ya ndege na basi. Wameonana ana kwa ana mara moja tu, mtoto akiwa na miaka minne. Kila mwaka nasema mwakani, nauli ikishuka.

Jioni tulimpigia. Mtoto akamwamkia, kisha akamsimulia jua jekundu lote.

"Marahaba, mume wangu," bibi akasema. "Huko kote umefika. Kwangu unakuja lini?"

Jumatatu nimeomba likizo ya Agosti. Nauli haijatimia, lakini tarehe tunayo.