BARAZA LA VISIWA VYA UNGUJA NA PEMBA

Katika vituo vya kununulia majani ya chai huko Mogogosiek, wakulima wakingoja lori la kiwanda huwa na muda mwingi wa kuzungumza, na siku hizi mazungumzo hayakosi kufika kwenye siasa za nchi jirani. Neno moja huwachanganya wengi. Husikia kwamba Tanzania ina Bunge lake mjini Dodoma, kisha husikia kwamba Zanzibar nayo ina chombo chake cha kutunga sheria, chenye Spika wake na mawaziri wake. Je, nchi moja yaweza kuwa na mabunge mawili? Tena wako wanaofikiri kwamba Baraza la Unguja ni kama Baraza la Kaunti ya Bomet, kwa kuwa visiwa vile ni vidogo. Yafaa jambo hili lielezwe, kwani ndani yake mna habari kubwa kuliko idadi ya viti.

Watu wa Unguja na Pemba kwa hesabu ya mwaka 2022 walikuwa karibu milioni 1.9, yaani kama mara mbili ya watu wa Bomet waliohesabiwa mwaka 2019. Lakini Baraza la Wawakilishi, ambalo hukutana Chukwani, nje kidogo ya mji wa Unguja, si baraza la kaunti. Hutunga sheria katika mambo yote ambayo hayamo katika orodha ya mambo ya Muungano. Jeshi, uraia na mambo ya nchi za nje ni kazi ya Dodoma. Mashamba, shule za watoto, hospitali na karafuu ni kazi ya Chukwani. Nalo Baraza huchagua wajumbe watano miongoni mwake waende kuketi katika Bunge la Muungano, ili mafundo mawili ya kamba yasiachane. Mwakilishi wa wadi wa Mogogosiek hana njia ya namna hiyo ya kufika Nairobi.

Sasa wajumbe ni nani? Kwanza wapo waliochaguliwa majimboni, nao katika uchaguzi wa mwaka 2020 walikuwa 50. Pili wapo wanawake wa viti maalumu, ambao hesabu yao imefungwa na hesabu ya majimbo kwa kiasi cha arobaini katika mia, na vyama hugawana viti hivyo kwa uwiano. Hapa pana tofauti na Kenya, maana Mwakilishi wa Wanawake wa Bomet hupigiwa kura na kaunti nzima, wanaume kwa wanawake, naye akitaka kurudi bungeni hana budi kupanda na kushuka vilima vyote vya kaunti. Tatu wapo wajumbe kumi wanaoteuliwa na Rais wa Zanzibar mwenyewe, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali naye ni mjumbe kwa cheo chake.

Hao kumi ndio wanaostahili kutazamwa vizuri. Kenya nayo ina wajumbe 12 wa kuteuliwa katika Bunge la Taifa, lakini huko vyama ndivyo hupeleka majina, kila kimoja kwa kadiri ya viti kilivyoshinda. Zanzibar Rais ndiye mwenye kalamu, ingawa Katiba humtaka wawili kati yao awateue kwa kushauriana na upande wa upinzani. Mtu aweza kusema kwamba Rais asiye na wingi wa kutosha ataweza kujiongezea kumi. Ni kweli, na jambo hilo si dogo. Lakini nafasi hizo zimewahi kutumika kwa njia nyingine, kama itakavyoonekana.

Mawaziri wa Zanzibar hutoka miongoni mwa wajumbe wa Baraza. Mkenya wa leo, ambaye tangu Katiba ya 2010 amezoea kwamba waziri si mbunge, ataona ajabu. Kule waziri huketi ukumbini na kuulizwa maswali ana kwa ana na mjumbe wa jimbo, kama ilivyokuwa Nairobi zamani. Anayeongoza shughuli za Serikali ukumbini ni Makamu wa Pili wa Rais. Kabla ya mwaka 2010 kazi hiyo ilikuwa ya Waziri Kiongozi, cheo walichokishika watu mashuhuri kama Seif Sharif Hamad, Dakta Omar Ali Juma na Shamsi Vuai Nahodha. Makamu wa Pili wa kwanza alikuwa Balozi Seif Ali Iddi, tangu 2010 hata 2020, akafuatwa na Bw. Hemed Suleiman Abdulla.

Kiti cha Spika hakikukaliwa na watu wengi. Wa kwanza alikuwa Bw. Idris Abdul Wakil, Baraza lilipoanza kukutana Januari 1980, na mwaka 1985 alitoka kwenye kiti hicho akawa Rais wa Zanzibar. Bw. Pandu Ameir Kificho alikikalia tangu 1995 hata 2016, miaka ishirini na zaidi, na mwanzoni mwa mwaka 2014 alikuwa mwenyekiti wa muda wa Bunge Maalumu la Katiba huko Dodoma. Bw. Zubeir Ali Maulid alichaguliwa mwaka 2016, na tena mwaka 2020. Wajumbe ndio wamchaguao Spika, wala si lazima awe mmoja wao.

Hayo ndiyo mapambo ya nyumba. Msingi wake ulichimbwa kwa taabu.

Baraza la kwanza la kutunga sheria Unguja liliundwa mwaka 1926, chini ya Sultani na Balozi wa Kiingereza, na hakuna mjumbe aliyepigiwa kura. Mwafrika hakuingia humo hata mwaka 1946, alipoteuliwa Sheikh Ameri Tajo. Kenya ilikuwa imemtangulia kwa miaka miwili kwa kumteua Bw. Eliud Mathu. Kura za kwanza zilipigwa Julai 1957 kwa viti sita tu. Miezi michache kabla ya hapo, mwezi wa Machi, Waafrika wa Kenya walikuwa wamechagua wajumbe wanane, Bw. Daniel arap Moi akiwa mmoja wao, na mwaka uliofuata Bw. Taita arap Toweett wa nchi ya Kericho akaingia. Wazee wa Konoin wanaokumbuka miaka ile watajua jinsi watu walivyokuwa na hamu.

Lakini Unguja hamu iligeuka hofu. Januari 1961 viti vilikuwa 22. Chama cha Afro-Shirazi kilipata 10, Hizbu 9, na chama cha watu wa Pemba na Unguja kikapata 3. Jimbo la Chake Chake lilikwenda kwa Afro-Shirazi kwa kura moja tu. Wale watatu wakagawanyika, wawili huku na mmoja kule, pande zikawa 11 kwa 11, na serikali haikuweza kuundwa. Kikaongezwa kiti kimoja, kura zikarudiwa Juni, na matokeo yakawa 10, 10 na 3. Safari hii wale watatu wote walikwenda kwa Hizbu. Katika siku zile za kura watu 68 waliuawa. Kiti kimoja kilichoongezwa ili kuvunja sare kilivunja sare, lakini hakikuleta amani, kwa maana upande ulioshindwa haukupata kitu chochote cha kushika mkononi.

Julai 1963 mambo yalikuwa mabaya zaidi ijapokuwa hesabu ilikuwa safi. Afro-Shirazi walipata zaidi ya nusu ya kura zote, kama 54 katika mia, lakini wakapata viti 13 tu kati ya 31. Wenzao wa muungano wakapata 18, na Waziri Mkuu akawa Bw. Mohammed Shamte, kiongozi wa chama kidogo kuliko vyote vitatu. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963. Mapinduzi yakaja tarehe 12 Januari 1964. Tangu hapo hata 1980 hapakuwa na baraza la kuchaguliwa. Baraza la Mapinduzi lilitunga sheria na kuzitekeleza lenyewe.

Vyama vingi viliporudi, hesabu za zamani zilirudi nazo. Mwaka 1995 CCM ilipata majimbo 26 na CUF 24, na Pemba yote, majimbo 21, ilikwenda CUF. Dakta Salmin Amour alitangazwa Rais kwa asilimia 50.2. Nusu ya nchi ikabaki nje ya mlango, na wajumbe wa CUF wakasusia vikao kwa miaka. Januari 2001 watu waliandamana, polisi wakapiga risasi, wakafa watu wasiopungua 30, na zaidi ya 2,000 wakavuka bahari kwa mashua hata Shimoni katika pwani ya Kenya. Ndipo Wakenya walipopokea kwa mara ya kwanza wakimbizi kutoka Tanzania, nchi ambayo siku zote ilikuwa ikiwapokea wengine.

Dawa iliyotafutwa ilitoka ndani ya Baraza lenyewe. Mwezi wa Novemba 2009 Rais Amani Karume alikutana na Seif Sharif Hamad, na Januari 2010 kiongozi wa upinzani Barazani, Bw. Abubakar Khamis Bakary, alileta hoja ya kuwaomba wananchi waamue kama vyama vishirikiane serikalini. Hoja ilipita pande zote mbili. Tarehe 31 Julai 2010 watu 66 katika kila mia waliopiga kura walisema ndiyo. Tangu hapo chama cha pili, kikipata asilimia kumi za kura za urais, hutoa Makamu wa Kwanza, na mawaziri hugawanywa kwa kadiri ya viti. Wakulima wa chai wanaokumbuka mapatano ya Nairobi ya tarehe 28 Februari 2008, yaliyofuata moto wa Bonde la Ufa, wataona ndugu wawili. Lakini yale ya Nairobi yalikuwa ya muda, nayo yakaisha na uchaguzi wa 2013. Ya Unguja yaliandikwa katika Katiba.

Hata hivyo, kilichoandikwa hakijilindi chenyewe. Oktoba 2015 uchaguzi ulifutwa, na uliporudiwa Machi 2016 CUF walisusa. Hakuna chama cha pili kilichofika asilimia kumi, na kiti cha Makamu wa Kwanza kikakaa kitupu hata 2020. Ndipo Rais Ali Mohamed Shein alipotumia nafasi zake za uteuzi kuwaingiza viongozi wa vyama vidogo, ili ukumbi usisikie sauti moja tu. Mjumbe aliyeteuliwa, hata akiwa na ulimi mkali namna gani, hana jimbo la kumtuma. Na makadirio ya fedha za mwaka yalipopitishwa, Mpemba wa Wete aliyetaka kuuliza habari ya bei ya karafuu hakuwa na mjumbe aliyemchagua mwenyewe wa kumuulizia.

Desemba 2020 Seif Sharif Hamad, akiwa sasa katika chama cha ACT-Wazalendo, alikubali kurudi kuwa Makamu wa Kwanza chini ya Rais Hussein Ali Mwinyi. Alifariki tarehe 17 Februari 2021, na mwezi uliofuata kiti kikapewa Bw. Othman Masoud Othman wa chama hicho hicho, bila kugombaniwa barabarani.