Giga 64 iliyokuwa 8: tujifunze kipimo hiki kama tulivyojifunza tola

Ndugu wachimbaji, na nyinyi mama na watoto munaobaki Kilibula wakati baba iko kwenye mashimo: leo hatusemi bei ya zahabu. Tunasema giga. Lakini musigeuze ukurasa, maana ni maneno ya mizani vile vile.

Aprili 2020 mito ilifurika hapa Uvira, Mulongwe ikabeba nyumba na watu. Siku zile tulipoteza pia makaye yetu, yale tulikuwa tunaandikamo kila mugawo: gramu ngapi zimetoka, nani amepata ngapi. Tukasema karatasi inaoza, sasa tutapiga picha. Tukachanga franga, tukanunua karte memwari iliyoandikwa 64 Go. Kila mugawo, picha ya mizani na picha ya kaye.

Kisha mwenzetu mmoja akafariki. Mujane wake akaja kuuliza haki ya bwana yake, ile ya miezi ya mwisho. Tukafungua karte mbele yake. Majina ya picha yote yako pale, lakini picha zenyewe hazifunguke. Fundi akaipima: ndani mulikuwa giga 8 tu, wameibandika maandishi ya 64. Yule mama alirudi nyumbani na maneno yetu ya mudomo, na maneno ya mudomo hayalipwe.

Tufanye hesabu, maana hapo ndipo tulianguka. Kipimo cha chini kinaitwa okteti. Okteti 1.000 ni kilo moja (Ko), kilo 1.000 ni mega moja (Mo), mega 1.000 ni giga moja (Go). Telefone zingine zinaandika MB na GB. Ni kitu kile kile. Tuseme picha moja ni mega 3. Giga 64 ni mega 64.000, kwa hiyo zinaingia picha kama 21.000. Giga 8 ni mega 8.000: picha kama 2.600 tu. Ukipiga picha 10 kila siku, karte ya uongo inajaa kabla ya miezi 9. Miezi yote ile inaonekana nzima. Wizi unajulikana siku unatafuta ushahidi.

Lakini tusiite kila mutu mwizi. Karte nzuri ya 64 Go, ukiiingiza kwenye kompyuta, mara nyingi inaonyesha 59,6. Hapo hakuna kilichoibwa. Kiwanda kimehesabu kwa 1.000, kompyuta imehesabu kwa 1.024, na pande zote mbili zimezoea kusema “giga”. Mwaka 1998 tume ya kimataifa ya vipimo vya umeme, IEC, iliipa hesabu ya 1.024 jina lake, gibi, lakini watu wengi wangali wanachanganya. Ni kama gramu na tola. Ukiwa na gramu 11,66 unaandika tola 1: namba imepungua, zahabu ni ile ile. Wizi ni pale munegosia anakuambia tola ni gramu 12. Kwa tola 10 amekwisha kula gramu 3,4 zako. Kutoka 64 kwenda 59,6 ni lugha mbili. Kutoka 64 kwenda 8 ni mizani ya uongo.

Kuna mutego mwingine, kwa wale wanaonunua intaneti. Herufi kubwa B ni okteti, herufi ndogo b ni biti, na okteti moja ni biti 8. Mutu akikuambia laini yake inapitisha mega 8 kwa segonde moja, muulize: mega za nini? Kama ni biti, ni Mo 1 tu.

Wengine watasema haya ni mambo ya wasomi. Sisi tunauliza: nani kati yetu alifundishwa tola shuleni? Tuliijifunza juu tulipunjwa. Leo mama mwenye hajasoma sana anajua kusoma mizani ya munegosia kuliko mukubwa wa ofisi. Na giga ni hivyo hivyo, tusingoje kupunjwa mara ya pili.

Kwa hiyo tunasema hivi. Kila kikundi kikinunua karte, kiijaze kwanza na video mpaka mwisho, kisha kifungue za kwanza, za katikati na za mwisho. Ama kiipeleke kwa fundi mwenye kompyuta, kuna programu za bure za kupima. Isipofunguka, karte irudi kwa muuzaji siku ile ile. Picha zikae pahali pawili, kwa watu wawili, na kaye isiachwe. Na wale wanaopita sokoni kukagua mizani na litre za mafuta, wakague na hizi karte: kuuza 8 kwa jina la 64 ni sawa na kuuza nusu kilo kwa jina la kilo nne.

Yule mama bado anatungoja. Tumeanza kuuliza timu nzima, mutu kwa mutu, kila mumoja anakumbuka nini. Inaenda polepole, na kila mutu iko na namba yake. Hayo ndiyo matunda ya kununua kipimo bila kukipima.