Risala ya Wakazi wa Machakos kwa Mrithi wa Kiti cha Ufalme wa Uingereza

Kwa Mtukufu William, Mwanamfalme wa Wales
Kupitia Ubalozi wa Uingereza, Nairobi
Nakala kwa Bunge la Kaunti ya Machakos

Mtukufu Mwanamfalme,

Sisi tunaokuandikia ni wakulima, walimu, wachuuzi wa soko, wanajeshi wastaafu na wazee wa Machakos, mji uliokaa chini ya milima ya Iveti. Babu zetu walilipa kodi ya nyumba kwa serikali ya wazee wako, wakabeba mizigo ya vita vyao, wakavaa sare ya jeshi lililoitwa kwa jina la Mfalme. Tunakusalimu kwa heshima, wewe na nyumba yako. Risala hii tumeielekeza kwako wala si kwa Mfalme Charles, baba yako, kwa kuwa wewe ndiye mrithi, na tunachokuletea ni jambo la mirathi.

Hapa kwetu mzee akifariki na kuacha hata ekari mbili na ng'ombe watatu, wanawe hawagawani kimyakimya. Huanza kwa chifu, awape barua inayowataja warithi wote. Kisha huenda mahakamani Machakos, wakajaza fomu inayotaka mali yote ya marehemu iorodheshwe, na papo hapo madeni yake yote. Tangazo hutolewa katika gazeti rasmi la serikali, na anayemdai marehemu, au anayeona ameachwa nje, hupewa siku 30 aweke pingamizi. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inataka madeni yalipwe kwanza ndipo warithi wagawane kinachobaki. Jirani zetu Waislamu walikuwa na utaratibu huo karne nyingi kabla sheria hiyo haijaandikwa. Hakuna mtoto wa Machakos anayeruhusiwa kuchukua shamba la baba na kuliacha deni la baba njiani. Risala hii ndiyo pingamizi letu.

Tuanze na mali. Bibi yako, Malkia Elizabeth, alipofariki tarehe 8 Septemba 2022, baba yako alipanda kitini, na wewe ukawa mwenye miliki ya Cornwall, iliyoanzishwa na Mfalme Edward wa Tatu mwaka 1337 kwa ajili ya kumtunza mwanawe mkubwa. Miliki hiyo ina ardhi inayozidi hekta 50,000: mashamba, nyumba za kupangisha, sehemu kubwa ya visiwa vya Scilly na ya nyanda za Dartmoor, hata uwanja wa kriketi wa Oval jijini London. Thamani yake inapita pauni bilioni moja. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2024 ilikupatia pauni milioni 23.6. Kodi ya mapato unailipa kwa hiari, miliki yenyewe haitozwi kodi ya makampuni, na mali inayotoka kwa mfalme kwenda kwa mfalme anayemfuata haikatwi kodi ya urithi, kwa makubaliano ya mwaka 1993. Haya yote yamo ndani ya sheria za Uingereza na hatukuja kuzitangua. Wala hatudai kwamba shamba lolote la Cornwall lilinunuliwa kwa ng'ombe wetu. Ushahidi huo hatuna, na hatutasema tusilolijua. Tunachosema ni kwamba orodha ya urithi wako imejazwa upande wa mali peke yake. Upande wa madeni uko huku kwetu.

Malkia Victoria aliipa kampuni ya Imperial British East Africa hati ya kifalme mwaka 1888, na mwaka uliofuata kampuni ikaweka kituo Machakos. Waingereza walitawala bara kutoka mji huu kabla Nairobi haijawa hata kambi ya reli. Sheria za ardhi za mwaka 1902 na 1915 zikaitangaza nchi kuwa ardhi ya Taji, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 mahakama ya koloni ikaamua kwamba Mwafrika aliye juu yake ni mkaaji wa hisani tu, anayeweza kuondolewa wakati wowote apendapo mwenye Taji. Milima ya Mua, tunayoitazama kila siku, ikakatiwa walowezi. Nyanda za Yatta, ambako mifugo ilikimbilia wakati wa kiangazi, zikafungwa. Watu na ng'ombe wakasongamana katika eneo lililobaki, na wale waliotubana wakaanza kutulaumu kwa kubanana.

Maafisa waliyaona makorongo yakichimbika vilimani, wakasema ng'ombe wa Mkamba ndiye anayeharibu udongo. Dawa yao ikawa kupunguza mifugo kwa nguvu. Wakati huohuo kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kimejengwa Athi River, nacho kilihitaji ng'ombe wengi wa bei ya chini. Mwaka 1938 ng'ombe zaidi ya elfu mbili wakakamatwa na kupigwa mnada. Kwa Mkamba wa wakati ule ng'ombe alikuwa mahari ya mwana, akiba ya mwaka wa njaa, na dhamana ya mtu mbele ya majirani zake. Aliyeswagiwa ng'ombe wake na askari alifilisika na kuvunjiwa heshima siku moja.

Julai mwaka huo wanaume, wanawake na watoto wakatembea kutoka huku hadi Nairobi, zaidi ya kilomita 60, wakitaka kuonana na Gavana. Wakapiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa. Kiongozi wao alikuwa Muindi Mbingu, na chama chao, Ukamba Members Association, kiliandika malalamiko yake hadi London. Serikali ilikuwa na sababu ya kuhofu: Wakamba walikuwa sehemu kubwa ya askari wa King's African Rifles, na waliokuwa wakinyang'anywa ni baba na mama zao. Mwezi Agosti Gavana Brooke-Popham akalazimika kuja mwenyewe Machakos. Kabla mwaka haujaisha, sera ya kulazimisha iliachwa. Lakini Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu, bila kufunguliwa kesi. Leo katikati ya Nairobi kuna mtaa wenye jina lake. Tamko la Taji kwamba alionewa, hilo hatujalisikia.

Na udongo uliosemekana tumeuua? Ulipona mikononi mwetu. Vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, vingi vikiwa vya akina mama, vilichimba matuta kilima kwa kilima. Matuta yaliyoanza kwa amri ya afisa yakaendelea kwa hiari ya wenye mashamba baada ya afisa kuondoka. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu wa Machakos waliongezeka zaidi ya mara tano, na mmomonyoko ukapungua. Tunalitaja hili kwako hasa kwa sababu mwaka 2020 ulianzisha tuzo ya Earthshot kwa watu wanaoiponya dunia, na Mkenya mmoja, Charlot Magayi, alishinda mwaka 2022 kwa majiko yake. Tunakupongeza kwa hilo kwa dhati. Akina mama wa mwethya hawaombi tuzo. Wanataka waondolewe lawama waliyobebeshwa kwa maandishi ya serikali ya Taji.

Lipo deni lililo zito kuliko hilo la ng'ombe. Kariokor, pale walipolala wazee wetu mwaka 1938, palikuwa kambi ya wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza. Kuanzia mwaka 1914 vijana wa Ukambani na wa jamii nyingine za Kenya walikusanywa kwa maelfu, wengi kwa lazima, wakabeba risasi na chakula cha jeshi lililomfukuza kamanda wa Kijerumani, von Lettow-Vorbeck, katika koloni la Wajerumani hadi Msumbiji. Kuhara, malaria na njaa viliwaua wengi kuliko risasi. Makumi ya maelfu hawakurudi. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri yenyewe, katika ripoti yake, kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Mishahara ya wengi wa waliokufa ilibaki hazina, ikielezwa kwamba jamaa zao hawakupatikana. Jamaa hao ni sisi.

Mtukufu, mtu akifa Cornwall bila wosia na bila ndugu, mali yake huangukia miliki yako. Tunajua kwamba fedha hizo, gharama zikishatolewa, hupelekwa kwenye hisani, na hilo ni jema. Lakini mpagazi wa Kangundo au Masii hakuwa mtu asiye na ndugu. Alikuwa na mama, alikuwa na ukoo, pengine na mke mwenye mimba. Serikali iliyokwenda kumchukua ilikijua kijiji chake vizuri sana, ikamjua na chifu wake. Ilikisahau kijiji hicho siku ya malipo.

Tunayo pia manung'uniko kuhusu namna warithi wa ufalme walivyoizoea nchi yetu. Edward, aliyekuwa na cheo hichohicho ulicho nacho, alikuja kuwinda mwaka 1928, akakatiza safari baba yake alipougua, akarudi tena mwaka 1930. Miaka hiyo Mkamba, ambaye upinde na mshale wa sumu vilikuwa kazi na sifa ya ukoo wake, akimwangusha mnyama kwenye nyika aliyozaliwa aliitwa jangili na kufungwa. Bibi yako, akiwa bado mrithi, alipewa na serikali ya koloni nyumba ya Sagana kuwa zawadi ya arusi yake ya mwaka 1947. Hapo ndipo alipopashwa habari ya kifo cha Mfalme George, tarehe 6 Februari 1952. Kabla mwaka huo haujaisha ilitangazwa Hali ya Hatari, na kambi za mateso zikafunguliwa kwa jina la malkia huyo mpya. Wewe mwenyewe ulimposa mkeo kwenye miteremko ya Mlima Kenya mwaka 2010, na kwa miaka mingi umekuwa mlezi wa shirika la Tusk linalolinda wanyama wetu. Tunafurahi kwamba nchi yetu ilikupa siku njema. Tunaomba uzijue na zile siku nyingine.

Baba yako alipozuru Kenya, Oktoba 2023, alieleza huzuni na majuto makubwa kwa ukatili waliotendewa Wakenya wakati wa kupigania uhuru. Alifika pia makaburi ya vita ya Kariokor, akakutana na askari wazee. Tuliyasikia maneno yake na hatuyadharau. Lakini majuto si kuomba radhi. Hata fidia ya mwaka 2013, pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228, ilipatikana baada ya wazee kama Paulo Muoka Nzili, Mkamba aliyehasiwa kizuizini, kwenda kushtaki London na kubishana na mawakili wa serikali kwa miaka. Mzee wa umri ule hakupaswa kuvuka bahari ili aaminiwe.

Kwa hiyo tunadai haya. Tunadai radhi iliyotamkwa waziwazi, kwa ardhi iliyotwaliwa, kwa ng'ombe wa 1938 na kwa Muindi Mbingu akitajwa kwa jina. Tunajua mfalme hasemi bila ushauri wa mawaziri wake. Nawe uwaambie mawaziri hao sasa kwamba siku utakayopanda kitini hutaki kukirithi kimya hicho.

Tunadai hesabu ya mishahara ya wapagazi waliokufa. Itafutwe katika vitabu vya hazina, itangazwe kiasi gani kilibaki na kiliishia wapi, kisha kilipwe kwa thamani ya leo. Hatutaki kigawanywe mkono kwa mkono, kwa sababu tunajua kitakakopotelea. Kijenge mabwawa ya mchanga kwenye mito yetu ya msimu huko Masinga, Mwala na Yatta, ambako mama bado anatoka alfajiri na punda kutafuta maji. Serikali ya Uingereza ikisita, pato la miliki ya Cornwall ni lako, na waziri hakushiki mkono ukiamua kuanza.

Tunadai majina. Kila jina la mpagazi na askari wa Ukambani lililomo katika daftari lolote la Uingereza liletwe Machakos na kuchongwa kwenye ukuta tunaoweza kuugusa. Na majalada yaje pamoja nayo. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilificha maelfu ya majalada ya makoloni katika jumba la Hanslope Park. Nakala za yote yanayohusu wilaya ya Machakos zikabidhiwe kaunti bila malipo, watoto wetu wasilazimike kuomba viza ili wasome habari za babu zao.

Mwisho, tunakualika wewe mwenyewe. Usije kwa helikopta ya kwenda mbugani. Njoo Machakos uketi barazani, uwasikilize wazee kwa muda watakaohitaji, kama Gavana wa Taji alivyolazimika kufanya mwezi Agosti 1938. Hutatukanwa wala kuaibishwa. Mgeni kwetu huandaliwa kiti na chakula, hata awe mdaiwa.

Tunaomba jibu la maandishi, lenye sahihi yako, lipelekwe kwa Spika wa Bunge la Kaunti ya Machakos na lisomwe hadharani kwa Kiswahili na Kikamba.

Wakazi wa Machakos