Kuhitilafiana Katika Dini Si Kuvunja Ujirani

Je, Mungu wanayemwabudu Wakristo ndiye yule yule tumwabuduye sisi Waislamu? Swali hili ni kongwe, na wanavyuoni wa pande zote mbili wamelijadili karne nenda karne rudi. Lakini huko Marekani, mwezi wa Desemba 2015, swali hilo lilitoka vitabuni na mwishowe likamtoa mtu kazini.

Mtu mwenyewe ni Bi. Larycia Hawkins, Mkristo, aliyekuwa profesa wa mambo ya siasa katika Chuo cha Wheaton, karibu na mji wa Chicago. Chuo hicho kiliasisiwa mwaka 1860, nacho ni ngome ya Waprotestanti wa Kiinjili. Mwalimu hapo hana budi kutia sahihi waraka wa itikadi ya chuo.

Siku zile Waislamu wa Marekani walikuwa katika dhiki. Tarehe 2 Desemba, mume na mke Waislamu waliwaua watu 14 mjini San Bernardino. Siku tano baadaye Donald Trump, ambaye wakati huo alikuwa akiwania urais, akataka Waislamu wapigwe marufuku kuingia nchini. Bi. Hawkins akaona si haki umma mzima utwikwe dhambi ya wawili. Akajifunga mtandio, akatangaza kwamba atauvaa majuma yote ya kungojea Krismasi, na akaandika kuwa Wakristo na Waislamu wanamwabudu Mungu yule yule, kama Papa Francis alivyosema.

Wakuu wa chuo wakamsimamisha kazi. Walieleza kwamba ugomvi wao haukuwa juu ya mtandio, bali juu ya yale maneno. Januari 2016 hatua za kumfukuza zikaanza. Februari pande mbili zikatangaza kuwa zimekubaliana kuachana.

Sasa tusiwe wepesi wa kuhukumu. Neno waliloling'ang'ania wakuu hao si la mzaha. Mkristo huamini Utatu, na kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu. Sisi twaamini kuwa Mwenyezi Mungu ni Mmoja, hana mwana wala mshirika, na Nabii Isa (A.S.) ni Mtume wake mtukufu. Asemaye kuwa hapo hapana tofauti, ama haijui dini yake, ama anamficha mwenziwe.

Hata hivyo, Qur'ani katika Surat al-Ankabut, aya ya 46, yatuamrisha tusijadiliane na Watu wa Kitabu ila kwa njia iliyo bora, na tuwaambie kwamba Mungu wetu na Mungu wao ni Mmoja. Nalo Kanisa Katoliki, katika Mtaguso wa Vatikani mwaka 1965, lilitamka kuwa Waislamu humwabudu Mungu mmoja. Kumbe basi, katika jambo hili Wakristo wenyewe wanahitilafiana.

Kwa maoni yangu, kosa la Wheaton si kuilinda itikadi yao. Kosa ni kwamba mwanamke alikwenda kusimama na jirani aliyetishwa, nao wakamwekea mtihani wa itikadi. Jirani analia, wao wanapima maneno.

Lakini nasi tujitazame. Wako miongoni mwetu wanaoisimulia habari hii kwa furaha, kana kwamba bibi huyu alikuwa hatua moja tu kutoka kusilimu. La hasha! Alibaki Mkristo, na hiyo ndiyo sababu kitendo chake kina uzito. Lau mwalimu wa madrasa zetu angalisimama hadharani na Wakristo waliodhulumiwa, na katika kusema kwake likamtoka neno moja tusilolipenda, je, tungalimwachia kiti chake?

Jibu moja lilipatikana hapa hapa Kenya, mwezi ule ule. Tarehe 21 Desemba 2015, watu wenye bunduki walilisimamisha basi lililokuwa likienda Mandera, wakaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Baadhi yao wakawapa wenzao mavazi ya Kiislamu ili wasitambulikane. Mwalimu Salah Farah akapigwa risasi, na Januari 2016 akafariki, Mungu amrehemu. Hatujasikia kwamba ndani ya basi lile kuna aliyemwuliza mwenziwe itikadi yake ya Utatu kabla ya kumsitiri.

Naam, hoja za dini na zijadiliwe, kwa elimu na kwa adabu, msikitini, chuoni na barazani. Hitilafu hii haikuanza jana wala haitakwisha kesho, na si aibu kuitaja wazi. Lakini jirani akiwa hatarini, mjadala na ungoje, kwanza tumsitiri.