Si Mtandao, ni Seva Yako

Wasee, leo nawachoma madeve wenzangu wa gemu, na wa kwanza kuchomeka ni mimi mwenyewe.

Kila gemu yetu ya mtandaoni ikikwama, jibu ni lile lile: "Mtandao wa Kenya ni mbaya." Wachezaji wanaamini, wanaifuta kwa simu, wanarudi kwa gemu za majuu. Si mtandao, bana. Mara nyingi ni seva yako, na hasa ile tabia ya kumpa kila mchezaji thredi yake.

Desemba iliyopita nilifungua gemu yangu ya mbio za matatu kwa watu 40, wengi wao mabeshte wa mtaa. Dakika ya nne magari yote yakasimama. Si ya mtu mmoja, yote. Nikaandika kwa grupu, "Poleni, ni mtandao." Watu walikuwa wamenunua bando kwa pesa ya chakula, na mimi nikawapiga uongo. Usiku nikakaa na logi za seva mpaka saa tisa. CPU ilikuwa imelala fofofo.

Kilichotokea ni hiki. Kila mchezaji alikuwa na thredi yake, na thredi zote ziligusa hali ile ile ya gemu, kwa hivyo nikaweka kufuli. Thredi ya jamaa mmoja ikashika kufuli, kisha ikaanza kumtumia data akiwa mahali simu haishiki vizuri. Bafa ya soketi yake ikajaa. Ile kazi ya kutuma ikasimama kungoja, kufuli bado iko mkononi. Thredi zingine 39 zikapanga foleni nyuma yake. Mtandao mbaya ulikuwa wa mtu mmoja. Ni mimi niliyeugawa kwa wote.

Hebu fikiria matatu ya abiria 33 ambayo kila abiria amekuja na makanga wake. Makanga 33, mlango mmoja. Kila mmoja anataka kufungua, kila mmoja anashika kitasa, na yule ambaye abiria wake anatafuta chenji amewafungia wote. Hakuna mwenye gari angekubali huo ujinga. Lakini sisi tunauandika kwa kodi, tunauonyesha kwa projekti ya kampasi, tunapigiwa makofi. Mimi nilipigiwa kabla sijaacha shule mwaka wa pili. Thredi nyingi zinakaa kama kazi ya mainjinia wakubwa, na hapo ndipo tunaponaswa.

Matatu inahitaji makanga mmoja aliye macho. Unaweka soketi ziwe za kutongoja, unauliza mfumo ni zipi zina kitu, unasoma hizo tu, unasogeza gemu hatua moja, unatuma, unarudia. Kwa Linux kifaa hicho kinaitwa epoll, na kimekuwepo tangu kerneli ya 2.6. Hakuna kufuli, kwa sababu hakuna wa kugombana naye. Na bafa ya mtu ikijaa, unamruka na kuendelea na wengine.

"Lakini thredi moja itatosha?" Piga hesabu. Wachezaji 40, mara 20 kwa sekunde, ni jumbe 800 zinazoingia na 800 zinazotoka kila sekunde. Hiyo kwa kompyuta ni kazi ya asubuhi kabla ya chai. Mwaka 1999 Dan Kegel alikuwa tayari anaandika juu ya seva moja kuhudumia wateja 10,000 kwa wakati mmoja, tatizo aliloliita C10K. Minecraft ya Java, pamoja na ukubwa wake, inaendesha ulimwengu wake kwa thredi moja kuu, hatua 20 kwa sekunde. Wewe na gemu yako ya watu 40 unakimbilia wapi?

Sasa soketi. Hapa pia tunachagua kwa mazoea. TCP inaahidi kila kitu kitafika, na kwa mpangilio. Pakiti ya 7 ikipotea, ya 8 na ya 9 zimefika lakini zinafichwa mpaka ya 7 itumwe tena. Kwa mbio za magari, mahali gari lilikuwa nusu sekunde iliyopita ni gazeti la jana. Tumia UDP: iliyopotea imepotea, mpya inakuja. Quake ilifanya hivyo 1996, watu wakiwa bado wanapiga simu kuingia intaneti. Na mchezaji akitoka WiFi kwenda data, anwani yake inabadilika na muunganisho wa TCP unakufa. Kwa UDP unamtambua kwa tokeni yake, anaendelea kuendesha.

Lakini usigeuze UDP kuwa dini. Kama gemu yako ni kadi au drafti, TCP inatosha kabisa, kwa sababu kila hatua lazima ifike. Ila washa TCP_NODELAY, la sivyo ujumbe mdogo unaweza kuwekwa stejini kungoja gari ijae. Na weka muda wako wa kuwatoa waliopotea. Keepalive ya TCP lazima uiwashe mwenyewe, na kwa Linux chaguo lake la kawaida hungoja saa 2 kabla ya kuanza kuuliza kama mtu yuko hai. Saa 2 za kucheza na mzuka!

Thredi zina mahali pake, sikatai. Kuandika kwa databesi, sawa, ipe thredi ya kando ili isisimamishe mbio. Ukipata wachezaji 2,000, gawa vyumba, kila kundi la vyumba kwa thredi yake, wasigusane. Hiyo ni matatu nyingi, kila moja na makanga wake mmoja.

Najua kuna mtu atasema, "Dropout anatufunza nini?" Sawa. Usiniamini. Chukua seva yako, weka wachezaji bandia 40, mmoja wao aache kusoma data kabisa, uone kama wengine 39 wanaendelea kucheza. Wakikwama, usiandike tena kwa grupu kwamba ni mtandao.

Mimi nimeshawaomba msamaha wale 40. Wako?